Ndizi Tulizomwivishia Melkiori

Nisogelee kidogo, japo ni kwa barua, wewe unayeanza kazi ya kuzalisha mimea kwenye chupa, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na nina jambo ambalo sidhani kama limo katika vitabu vyako vya chuo. Kazi hiyo niliifanya tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipokataa kuona ncha ya kisu. Mengi nitakayokueleza utayajua kwa mikono yako mwenyewe, tena mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiogope. Moja tu ndilo linalonifanya niandike, nalo linahusu ndizi za pombe.

Kituo chetu kilikuwa Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo. Kilijengwa ili kiwape wakulima miche safi ya migomba, lakini mkulima gani atanunua mgomba ulioanzia kwenye chupa wakati jirani yake anampa chipukizi bure? Kilichotulisha ni mananasi ya maua. Ni ndugu wa nanasi la kawaida, ila hayazai tunda la kuliwa. Majani yake yamejipanga duara na kushika maji katikati kama kikombe, kisha siku moja ndani ya kikombe hicho linachomoza ua jekundu au la manjano, na ua hilo hukaa miezi bila kunyauka. Hoteli na ofisi za Mwanza ziliyapenda. Mama yangu alipotoka kwetu Keza, Ngara, kuja kunitembelea na kuyaona kwa mara ya kwanza, aliuliza yanapikwaje. Nilimwambia hayapikwi, yanatazamwa tu. Akasema kumbe Mwanza watu wameshiba.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unachukua chipukizi changa, unalivua majani ya nje moja moja mpaka unabaki na moyo mdogo kama punje ya mahindi. Moyo huo unausafisha kwa maji ya sabuni, kisha spiriti, kisha jiki iliyopunguzwa makali, kisha maji yaliyochemshwa. Halafu unauweka ndani ya chupa yenye uji mzito wa sukari, chumvi za mimea, homoni kidogo, na unga wa mwani unaougandisha uji huo. Kama hukukosea, ule moyo mmoja utazaa vichipukizi vingi. Unavigawa, unavihamishia chupa nyingine, navyo vinazaa tena. Ninyi mna mashine za kuchemshia na umeme usiokatika sana. Sisi tulitumia chupa za jemu na tulizipika kwenye sufuria la presha juu ya jiko la mkaa, kwa sababu jenereta ilikuwa ya taa tu. Kabati la kioo tulilofanyia kazi alilitengeneza seremala aliyezoea makabati ya vyombo, na hakuweza kujizuia: juu ya mlango alichonga maua na njiwa wawili.

Adui yako ni ukungu. Chupa zangu za kwanza ziliota manyoya meupe, zote, na nilikuwa bado nazipanga nikijidanganya kwamba labda ndivyo zinavyoanza, pale Mzee Sirili alipopita. Huyu alikuwa mtunza kitalu, Msubi wa palepale Nyabusozi, mtu mrefu aliyeinama kwa kuzoea kuingia chini ya kamba za kitalu. Alizitazama chupa kwa makini, akaniuliza kondoo wangu hao tutawachinja lini. Nililia. Usicheke, na wewe utalia, na siku hiyo ukumbuke kwamba niliyekutangulia nililia kisha nikadumu.

Aliyenifundisha kuacha kulia na kuanza kutazama nilipokosea alikuwa Daforoza.

Daforoza alitoka ng'ambo ya mto Ruvubu, katika miaka ile ambayo watu walikuwa wakivuka kukimbia vita, magodoro kichwani, na watoto wamefungwa vitenge kiunoni wote pamoja wasipotezane. Wewe hukuwapo, au ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Kwetu Keza, asubuhi, moshi wa kambi ya wakimbizi ulilala bondeni mpaka ukadhani wingu limeshuka likakosa nguvu ya kupanda. Miti ya baba ilikwisha, kisha zikaisha nguzo za zizi. Kisima kilichotutosha tangu enzi za babu kikawa tope. Siyasemi haya ili umlaumu mtu. Waliokata miti walikuwa na watoto wanaotaka uji, na uji hauivi bila kuni. Nasema tu kwamba kila mtu aliyekuwa hai wakati ule alikuwa amepungukiwa na kitu, mwenyeji na mgeni.

Huko kwao Daforoza alikuwa amefanya kazi katika chumba kama chetu, akizalisha migomba. Meneja wetu alisikia parokiani kwamba kambini kuna mama anayeijua kazi ya chupa, akamfuata, akamwombea kibali cha kuishi kituoni. Sharti la kibali lilikuwa moja: atakaa nje ya kambi maadamu ana kazi. Kazi ikiisha, anarudi. Lishike sharti hilo, kwa maana kila kitu nitakachokueleza baadaye kinapita hapo.

Sisi Wahangaza tunaelewana na watu wa kwao kwa lugha, kwa hiyo tukiwa wawili tuliongea ya nyumbani, na meneja akiingia tulihamia Kiswahili. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu nikifanya kazi mpaka nilipofunga chupa ya mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "unaongea na chupa."

Nikamwambia sijafungua mdomo.

"Unaipumulia. Hiyo nayo ni kuongea."

Akanionyesha. Chupa iinamishe, mdomo wake uelekee kwenye moto wa taa ya spiriti. Mkono usipite juu ya chupa iliyo wazi hata mara moja, upite pembeni. Pumzi itoke upande. Usiharakishe, usitetemeke, fanya kama umebeba mtoto wa mtu aliyelala na mama yake yuko chumba cha pili. Hilo la mtoto nimewafundisha wasichana na wavulana wengi baada yake, na mpaka leo sijapata maneno mengine yanayofanya kazi vizuri kuliko hayo.

Alikuwa amepotezana na mumewe, Melkiori, wakati wa kuvuka. Walikuwa pamoja mpaka karibu na maji, kisha risasi zikasikika, watu wakatawanyika, na alipofika upande wa pili hakumwona. Kambini alimtafuta mpaka akachoka, ndipo akabadili njia: badala ya kumtafuta, akaamua kupatikana. Kila aliyepita kituoni aliagizwa. Kina mama wa kisimani, katekista, wauza chumvi wa baiskeli waliokuwa wakizunguka kati ya Ngara na Biharamulo. Maneno yalikuwa yaleyale: mkimwona Melkiori, mrefu, ana kovu kwenye nyusi, mwambieni niko Nyabusozi, kwenye nyumba ya chupa. Wauza chumvi wakayazoea hata wakaanza kutuita hivyo. Kituo kilikuwa na jina refu limeandikwa kwenye kibao, lakini ukiuliza njia ulionyeshwa nyumba ya chupa.

Nilimwona akicheka mara moja tu, na nitakueleza ilivyokuwa ili usidhani alikuwa mtu wa kununa. Afisa wa afya alikuja kukagua, akachungulia ndani ya yale mananasi ya maua, akakuta vijidudu vya mbu vinaogelea kwenye vikombe. Akaamuru maji yote yamwagwe. Alipoondoka, Mzee Sirili akapindua vyungu kimoja kimoja, kichwa chini, kama vikombe vilivyooshwa baada ya chai, na udongo wote ukamwagikia miguuni pake. Akasimama katikati akisema amri ya serikali imetekelezwa. Daforoza akacheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha akatuonyesha dawa: mwagia maji mapya kwa nguvu kila wiki, yale ya zamani yafurike na kutoka na wadudu wake. Nawe fanya hivyo.

Sasa nifike kwenye ndizi.

Mvua zilikuwa zimeanza, muuza chumvi mmoja alipoingia na baiskeli yake hadi mlangoni bila kupiga kengele. Alimsalimia Daforoza, akavua kofia. Alikuwa amemwona Melkiori huko Murukulazo. Ni yeye, kovu lipo. Mguu umevimba lakini anatembea, alikuwa anajiandaa kuondoka kesho yake. Na alituma neno.

"Amesema usiondoke hapo," muuza chumvi akasema. "Amesema, nikimkosa hapo sijui tena pa kumtafuta."

Daforoza alitaka kwenda palepale. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamweleza kwamba kibali hakimruhusu kutembea, na kwamba wakipishana njiani atakuwa amemkosea mtu aliyemwomba jambo moja tu. Akaelewa. Akarudi kwenye kabati, akawasha taa ya spiriti, akaendelea kugawa vichipukizi. Hakuipumulia chupa hata moja.

Mzee Sirili ndiye aliyesema kwamba mtu hawezi kutoka safari kama hiyo akapokewa kwa maji matupu. Huko kwetu pombe ya ndizi haitengenezwi kwa mgeni aliyekwisha kufika. Kama unamheshimu, inakuwa tayari inamngoja. Akaleta mikungu ya ndizi za pombe kutoka shambani kwake, yeye na toroli lake, mara kadhaa kwenye tope. Tatizo lilikuwa shimo. Ndizi za pombe huivishwa shimoni: unachimba, unawasha moto ndani mpaka udongo upate joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unazifunika kwa majani na udongo, kisha pembeni unaacha kijitundu cha kupulizia moshi kwa siku kadhaa. Kwa mvua ile kila mahali palikuwa na maji. Ardhi kavu ilikuwa moja tu, nyuma ya kitalu, chini ya upenu. Hapo ndipo mzee alipochimba.

Sote tulisaidia. Daforoza ndiye aliyetandika majani shimoni, akiyapishanisha vizuri kama anatandika kitanda, na nilimsikia akiimba chini chini wimbo wa kwao wa kanisani. Kitalu kilikuwa kimezungushiwa nailoni tangu chini hadi juu, kwa sababu mimea inayotoka chupani ina ngozi laini; ukiitoa ghafla kwenye hewa kavu inakauka ikiwa bado na maji mizizini. Lazima uizoeshe, uifunike, upunguze kifuniko kidogo kidogo. Kwa hiyo ndani hewa haikuwa ikizunguka. Upande ule wa nyuma, karibu na shimo, tulikuwa tumepanga mananasi ya maua yaliyokwisha kuzoeshwa, ambayo yalikuwa yamefika nusu ya ukubwa wa kuuzwa. Moshi ulipenya chini ya nailoni ukakaa humo. Tuliunusa tukiwa kazini, na sitakudanganya, tuliufurahia. Ulikuwa na harufu ya siku ya harusi.

Ndizi ziliiva. Tukazimenya, tukazikamua kwa majani, tukachuja, mzee akachanganya na mtama wa kukaanga. Melkiori hakufika. Pombe ya ndizi haina subira. Ikifika siku yake inanyweka, ikipita inachachuka. Tulikunywa bila mwenyewe, tukiwa tumekaa tunatazama njia. Mzee Sirili alitenga kibuyu kimoja akakiziba kwa jani, akasema hicho ni cha mgeni. Kilikaa mpaka harufu yake ikawatoa watu chumbani, ndipo akakimwaga kwenye shina la mgomba.

Mvua ziliendelea. Ulipita muda wa kutosha sisi wengine kusahau shimo, likajaa maji, likaota nyasi. Ndipo asubuhi moja nilipoingia kitaluni nikaona wekundu katikati ya vikombe. Upande wote wa nyuma, safu baada ya safu, ulikuwa unachanua. Niliita watu. Meneja akaja na kikombe cha chai mkononi, akazunguka akicheka peke yake. Mteja wetu, mama mmoja wa Mwanza aliyesambaza maua mahotelini, alikuwa aje baada ya miezi mingi. Sasa tungemwita mapema. Shehena ile ndiyo iliyokuwa imebeba mishahara ya vibarua wote, na Daforoza alikuwa kibarua. Mzee Sirili akasema yamenywa mvua yakapendeza.

Daforoza aliingia wa mwisho. Alipita safu ya kwanza akiinua majani, akapita ya pili. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akaweka mikono mapajani.

Nikamuuliza kwa nini hafurahi. Akaniambia nimalize kwanza kazi, atanieleza jioni.

Wewe nakueleza sasa. Mmea huu huchanua mara moja tu katika maisha yake. Ukishachanua haukui tena. Unatoa machipukizi shinani, unayanyonyesha, kisha unakufa taratibu. Nanasi la maua linalochanua likiwa nusu ya ukubwa, limemalizia hapo hapo kwenye nusu. Ua linalotakiwa lina urefu wa mkono wako toka kiwiko hadi vidole. Yetu yalikuwa kama kidole gumba.

Jioni alinipeleka nyuma ya kitalu. Tukasimama kando ya lile bonde dogo lenye nyasi, pale lilipokuwa shimo.

"Adventina, ndizi zinaivaje shimoni?"

"Kwa joto na moshi."

"Moshi unaziambia nini?"

Akanieleza kwa upole, kama alivyonieleza mambo ya pumzi. Tunda linaloiva linatoa hewa isiyoonekana, na moshi wa kuni nao unayo. Vitabu vyako vinaiita ethilini. Tunda bichi likiipata, linaiva. Nanasi likiipata, hata kabla ya wakati wake, linaamini kwamba wakati umefika, linachanua. Huko kwao aliwahi kuona wakulima wa mananasi wakichoma nyasi mbichi upande unaotoka upepo ili shamba zima lichanue pamoja.

"Nilikuwa nalijua hili," akasema. "Nilitandika yale majani kwa mikono yangu na sikulikumbuka. Nilikuwa nafikiria atakula nini akifika."

Nikasema twende kwa meneja sasa hivi, kwa sababu atadhani Daforoza alikosea kupima homoni.

"Acha adhani. Na usimwambie mzee."

"Dada, watakurudisha kambini."

"Mimea imekwisha kuchanua, Adventina. Nikisema, nitarudi vilevile, na mzee atakaa na hili mpaka kaburini. Lile shimo alilichimba kwa ajili yangu."

Ikawa kama alivyosema. Mama wa Mwanza alifika, akachukua chungu kimoja, akakigeuza huku na huku, akauliza akiweke wapi, kwenye bakuli la sukari? Akanunua vichache kwa huruma. Meneja akaanza kuuliza juu ya vipimo vya homoni, na Daforoza akajibu kwamba yawezekana. Vibarua wakaachishwa. Meneja alimwandikia mkubwa wake kuomba Daforoza abaki, akamfuata na yule wa wilaya, akarudi na sura ambayo haikuhitaji maelezo. Mzee Sirili alijitolea kumficha nyumbani kwake. Daforoza akamwambia walioficha watu wamepata taabu, na yeye hatamletea taabu mtu aliyemtendea wema kiasi hicho. Mzee alidhani anazungumzia toroli na tope, si shimo.

Siku gari lilipokuja kumchukua aliosha visu vyote, akavipitisha motoni, akavifunga kwenye kitambaa safi. Akapita chupa zake akinionyesha zipi zigawanywe kwanza. Kisha akatuita, mimi na mzee.

"Akija, mwambieni amefika mahali penyewe," akasema. "Mwambieni niko kambini, upande wa juu, karibu na bomba la maji. Na mwambieni sikuondoka kwa kupenda."

Melkiori alikuja wakati wa kiangazi. Mananasi yale yalikuwa yanakufa kama yanavyokufa, majani ya nje yamekuwa ya kahawia na machipukizi mabichi yamejaa shinani. Mtu mrefu mwenye fimbo alisimama langoni akauliza kama hapa ndipo nyumba ya chupa. Sikuhitaji kutazama nyusi zake. Jeraha la mguu lilikuwa limeoza njiani. Familia moja ya wakulima ilimwokota na kumtibu kwa dawa za majani, naye akakaa kuwapalilia mpaka akaweza kutembea.

Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili juu ya bomba la maji, lipo upande gani. Mzee Sirili akamletea kiti, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, usidhani hatukukungoja. Tulikuivishia ndizi."

"Asante sana, mzee."

"Mikungu mizima. Mkeo alitandika majani mwenyewe. Na ziliiva vizuri, mwulize huyu Adventina."

Melkiori akanigeukia, nami nikasema ndiyo, ziliiva vizuri. Kisha nikaingia ndani kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kabla hajaondoka aliomba kuona kazi ya mkewe. Nilimpa chupa moja aliyoifunga Daforoza mwenyewe. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akaitazama, vile vichipukizi vya kijani vimesongamana ndani kama watoto mlangoni, akaniuliza kama anaweza kwenda nayo. Ilinibidi nimwambie hapana. Ya chupani ingekufa njiani kwa jua. Nikakata chipukizi kutoka kwenye mmoja wa ile mimea iliyochanua mapema, nikalipanda kwenye kopo la mafuta ya msaada, nikamwelekeza namna ya kulinywesha. Akalibeba kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine, akashika njia ya Ngara.

Dereva wa lori alituletea habari baadaye. Watu wa upande ule wa kambi walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Wengine walisema wamepelekwa Kibondo, wengine walisema baadhi wamerudi kwao ng'ambo. Alimwona mtu mwenye fimbo na kopo akiuliza hema kwa hema. Zaidi ya hapo sijui, na nimeuliza sana. Mzee Sirili aliuliza kuliko mimi. Kila muuza chumvi alisimamishwa langoni mpaka mwaka mzee alipokufa. Hakuwahi kujua habari ya moshi. Kwa miaka yote hiyo niliwafundisha vijana juu ya ethilini bila kuwaambia niliijulia wapi. Sasa mzee amepumzika, na nimeona ni vizuri mtu mmoja ajue kwamba Daforoza hakukosea vipimo.

Miaka ya baadaye kituo kilianza kufanya kwa makusudi kile kilichotuangusha. Tulisubiri mimea ikomae, tukaifunika turubai na ndizi mbivu ndani, na yote ikachanua kwa pamoja, mikubwa na myekundu kama mteja anavyotaka. Ni njia nzuri, nakushauri uitumie. Ila siku za kuweka ndizi chini ya turubai nilikuwa naomba mwenzangu aifanye kazi hiyo, mimi nikaosha chupa.

Wewe jilinde hivi. Usipike chochote ndani ya kitalu wala karibu yake. Usiweke papai wala parachichi kwenye chumba cha chupa, hata kama ni chakula chako cha mchana. Vifuniko usivikaze mpaka mwisho, maana mmea wenyewe hutoa hewa hiyo, ikijaa chupani majani yanageuka njano. Na ukikosea, simama kwanza uone umekosea wapi, kabla ya kumtafuta wa kumlaumu.

Kizazi cha mimea ile ninacho bado, hapa Keza, mama kafa binti kashika, kando ya njia wanayopita wenye baiskeli. Ukija kunisalimia nitakupa chipukizi. Kama huwezi kufika, tafuta lolote la aina hiyo na ufanye hivi. Subiri chipukizi lifike nusu ya urefu wa mama yake. Likate karibu kabisa na shina kwa kisu kilichopitishwa motoni. Liache kivulini mpaka jeraha likauke. Lipande kwenye kopo lililotobolewa chini, ndani yake vipande vya mkaa na maganda ya kahawa, na usilizike kupita shingo. Maji weka katikati ya kikombe, uyabadilishe kila wiki. Halafu liweke mahali linapoonekana kutoka barabarani, huenda anayelijua akapita, mbali na jiko, na mbali na shimo la ndizi.